Naomba ushauri: tarehe moja ina furaha na msiba, niandike lipi?

Wakuu, habari za muda huu. Kila asubuhi huandika ubaoni, kwa chaki, jambo moja la tarehe hiyo ili wanangu walisome kabla ya kutoka. Siku nyepesi hazinisumbui. Tarehe 14 Machi (mwezi wa 3, siku ya 14) ni Siku ya Pai, ile namba ya hesabu za duara; nachora duara na kuandika 3.14, wanauliza pai ni nini, tunacheka. Tarehe 2 Mei ni Siku ya Jodari Duniani, tena imewekwa na Umoja wa Mataifa!

Kinachonikwamisha ni 7 Aprili. Ni Siku ya Afya Duniani, kwa kuwa Shirika la Afya Duniani (WHO) lilianza rasmi siku hiyo mwaka 1948. Lakini ndiyo siku ya kukumbuka mauaji ya kimbari ya 1994 dhidi ya Watutsi nchini Rwanda. Mwaka huu niliandika ya afya tu, nikachora na moyo mwekundu. Binti yangu wa miaka kumi aliporudi akaniuliza, "Baba, mbona hukuandika ya Rwanda?" Nilikosa jibu, na bado linaniuma.

Mnaofanya hivi na watoto, mnaandika yote mawili pamoja? Au msiba mnauachia ubao mzima, bila mchoro? Na huyu mdogo wa miaka sita nimweleze kiasi gani?