Propela ya nyuma imekatika kwenye pikapu iliyonyanyuliwa: nichomelee au nitafute kiini?

TairiPana
Wakuu habari zenu. Nina pikapu ya 1989, 4x4, gia za mkono, springi za bapa nyuma. Aliyeniuzia alikuwa ameshainyanyua inchi 4, na nyuma kaweka bloku za chuma kati ya ekseli na springi. Jana napanda mlima na mchanga mgongoni, gia namba moja, nimeachia klachi tu nikasikia kishindo. Kuchungulia chini, propela ya nyuma (bomba linalopeleka nguvu kwenye ekseli) imeachia upande wa transfa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma), ncha yake imechimba udongo. Krosi (kiungo cha msalaba) imepasuka, sikio moja la yoki (uma unaoshika krosi) limefunguka, bomba limepinda.

Krosi hiyo haikuwa chakavu, ilibadilishwa na huyo huyo muuzaji na risiti ninayo. Kabla ya hapo gari ilikuwa ikitetema wakati wa kuondoka, ikishika mwendo inatulia.

Fundi wa kwanza anasema tunyooshe bomba, tuchomelee sikio, tuweke krosi mpya. Wa pili anataka tuweke krosi kubwa zaidi. Nimsikilize yupi? Na naweza kuirudisha nyumbani kwa tairi za mbele?

Dogo_Spana
Chomelea mkuu, usijitie gharama. Sikio la yoki ni chuma tu, fundi mzuri wa kuchomelea anamaliza kabla ya chai.

BibiGia
Dogo, hapana. Sikio la yoki limechongwa ili vikombe viwili vya krosi vikae kwenye mstari mmoja kamili. Ukilipasha moto linavuta upande, na krosi inazaliwa imepinda. Bomba nalo likishapinda, hata ukilinyoosha kwa macho halirudi kwenye balansi. Kitu kinachozunguka maelfu ya mara kwa dakika chini ya miguu yako hakitaki makadirio.

TairiPana, mshukuru Mungu ulikuwa gia namba moja. Propela ikiachia upande wa mbele ukiwa kwenye kasi, inaweza kuchoma ardhi na kuinua gari nzima. Ndiyo maana gari za namna hii nazifunga kitanzi cha chuma kuzunguka bomba karibu na transfa. Kama huna, weka.

Sasa kiini. Krosi moja ikizunguka kwa pembe haitoi mwendo ulio sawa: upande wa pili unaharakisha na kuchelewa mara mbili katika kila mzunguko. Krosi ya nyuma ndiyo inayofuta kosa la ile ya mbele, ila kwa sharti kwamba pembe za krosi zote mbili zilingane, na yoki mbili za propela ziwe zimepangwa mstari mmoja. Sharti likivunjika unapata mtetemo, na anayelipa ni krosi.

Halafu bloku. Ukikanyaga mafuta, ekseli inataka kujizungusha, pua ya difu (boksi la gia katikati ya ekseli) inapanda juu. Bloku inaiongezea nguvu kama mpini mrefu wa spana, springi inajikunja mfano wa herufi S, pembe inabadilika pale pale unapoondoka na mzigo. Mtetemo wako wa kuondoka unatoka hapo. Krosi kubwa itakupa muda kidogo, kisha kitakatika kitu kingine, na hicho kingine huenda kikawa pinioni, gia ndogo ya ndani ya difu.

Naomba vipimo vitatu. Gari kwenye sakafu tambarare, tairi zimebeba uzito, usipime ikiwa imening'inia kwenye jeki. Chukua pimapembe, hata ile ya simu inatosha: mteremko wa flenji ya transfa (sahani inayofungwa propela kwa boliti), mteremko wa propela (ifunge kamba ikae mahali pake kama bomba halijapinda mno, au nyoosha uzi toka flenji hadi flenji), na pua ya difu. Flenji ikisimama wima pimapembe itasoma 90, toa hapo. Na uangalie bloku zenyewe: ziko bapa au zimekatwa kama kabari?

TairiPana
Shikamoo Bibi. Nimepima kwa uzi. Transfa inashuka kuelekea nyuma nyuzi (digrii) 4. Uzi umeinama nyuzi 14. Pua ya difu inatazama juu nyuzi 9. Na kweli, bloku ni kabari, upande mmoja mnene kuliko mwingine!

BibiGia
Marahaba mwanangu. Umemaliza kesi mwenyewe.

Krosi ya mbele: 14 toa 4, ni nyuzi 10. Ya nyuma: 14 toa 9, ni 5. Tofauti ya nyuzi 5, wakati inatakiwa isizidi nyuzi moja hivi. Na ukikanyaga mafuta pua inapanda zaidi, tofauti inakua. Ndiyo maana imekufa ya mbele.

Aliyeweka kabari alikuwa na wazo la propela ya aina nyingine, ile yenye krosi mbili pamoja upande wa transfa. Kwa propela ya aina hiyo, pua ya difu inaelekezwa kwenye transfa, pungufu ya nyuzi moja au mbili, na zile nyuzi 10 za juu zinagawanywa tano tano. Ni njia halali, ila akabakiza propela ya kawaida.

Wewe unabeba mchanga. Mimi ningetoa bloku kabisa, nikaweka springi zilizotengenezwa kwa kuinua inchi 2, na propela ya kawaida. Pua ya difu iwe nyuzi 3, yaani moja chini ya transfa, ili ikipanda kwa mzigo ilingane. Ukihitaji kurekebisha tumia kabari za chuma. Za alumini zinapondeka. Yubolti ziwe mpya, zile za zamani zimeshavutika. Springi zikishakaa ndipo upime urefu wa propela mpya, meno yake ya kuteleza yakiwa katikati ya safari yake. Wengi wanapima kabla, wanarudi wakilia.

Wakati wa kuingiza krosi, tumia jiliwa na soketi mbili, usitumie nyundo. Kikombe kikigoma kuzama hadi klipu iingie, usilazimishe: sindano moja ya beringi imeanguka ndani. Toa, ipange na grisi, rudia.

TairiPana
Asante sana Bibi. Na la kurudi nyumbani?

BibiGia
Kwanza weka kabari kwenye tairi kabla hujaingia chini, kwa sababu propela ya nyuma ikitoka na ukiwa 2H (nguvu tairi za nyuma tu), gia haikuzuii kuserereka. Shusha mchanga. Toa propela yote, usiache kipande kinaning'inia. Kwa kuwa yako ina flenji pande zote, mafuta ya transfa hayatamwagika. Funga hab za mbele (vifungo vinavyounganisha tairi na ekseli), weka 4H (nguvu tairi zote), nenda polepole. Kabla ya hapo tikisa krosi za propela ya mbele kwa mkono. Ukiona unga wa rangi ya kutu kwenye mdomo wa kikombe, hiyo ni kavu, ita gari la kuvuta.

Dogo_Spana
Bibi, na yoki ya transfa je, nayo abadilishe?

BibiGia
Aitoe krosi iliyopasuka, apitishe kidole ndani ya matundu ya masikio. Kidole kikikwama kwenye ukingo au tundu limekuwa yai, abadilishe. Pia azungushe flenji akiwa ameshika boliti moja: ikicheza juu chini, beringi ya transfa imeguswa na kile kishindo, na hapo kazi inakuwa kubwa kuliko propela.