Lisbon na mama wa miaka 71, magoti yanamsumbua

Kutoka Leicester

Asalamu alaykum jamaa zangu. Mamangu anakuja kutoka Mombasa mwezi wa nne inshallah, atakaa na sie miezi miwili, na kuna kitu alinambia kwenye simu kimenikaa moyoni: ye kalelewa Mji wa Kale, Fort Jesus ilikuwa ndo njia yake ya shule kila siku, na siku zote ametamani aone huko walikotoka hao Wareno waloijenga. Nimefikiria Lisbon siku nne, mimi, mume wangu, watoto wawili na yeye. Lakini magoti yanamsumbua na nasikia mji mzima ni vilima. Kuna alokwenda na mzee? Na viza yake nimeambiwa niishughulikie akishafika huku, ni sawa?

Kutoka Slough

Wa alaykum salaam dada. La viza usingoje afike tafadhali. Ile ya Uingereza haimuingizi Ureno, anahitaji Schengen, ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, na sheria yao inataka mtu aombe nchi anakoishi, mgeni wa matembezi akiombea huku ni rahisi sana kurudishwa. Aombee Nairobi kabla hajasafiri. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari mpaka siku 15, ada ya mtu mzima yuro 90, na bima ya safari isiopungua yuro 30,000. Na hakikisheni viza yake ya Uingereza ni ya kuingia zaidi ya mara moja asije akakwama kurudi. Ninyi nanyi kama bado mna paspoti za Kenya mnahitaji Schengen hata kama mna kibali cha kukaa. Sie tulichelewa kwa mama mkwe, miadi ikawa imejaa, tiketi tano zikapotea bure, nililia siku ile.

Kutoka Rotterdam

Dada Leicester, mie nilimpeleka mamangu mwaka juzi, mtu wa Lamu, umri karibu huo huo na goti la kushoto halipindi vizuri. Mpeleke, usisite, ila panga siku zako kwa kufuata vilima. Lisbon ina sehemu tambarare, kama Baixa katikati ya mji na Belém, hizo ndo za mama, huko juu mpandisheni kwa lifti. Baixa mitaa yake imenyooka kama rula kwa sababu tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755 liliuangusha mji, yakaja mawimbi ya bahari na moto juu yake, wakajenga upya kwa mpango. Kwenda ngomeni São Jorge msianze na miguu, pale Rua dos Fanqueiros kuna lifti ya bure ndani ya jengo la kawaida tu, ukitoka juu unatembea kidogo unakuta nyengine kwenye jengo la supamaketi, nayo bure, halafu unabaki mwinuko mdogo. Akichoka kabisa basi namba 737 linawafikisha. Ile tramu 28 ya njano inayopigwa picha kila mahali mie sikumpandisha, watu wamesimama wamebanana, wezi wa mifukoni, na ngazi yake iko juu kwa mtu wa goti.

Viatu! Njia za miguu ni vijiwe vyeupe vilosuguliwa na nyayo mpaka vinang'aa, mvua ikipita ni kama sakafu ilomwagikiwa mafuta, na Aprili mvua ipo. Avae raba, sio makubadhi.

Belém msiende Jumatatu, Jerónimos, ile monasteri yenye kanisa kubwa, wanafunga. Mnachukua tramu 15E na mnafika mapema kabla foleni haijawa ndefu. Sasa hapo ndo penye jambo la mama yako. Vasco da Gama mwenyewe kazikwa ndani ya lile kanisa, ukiingia mlangoni tu upande wa kushoto, alikufa Cochin 1524 na mifupa yake ikaletwa Ureno baadaye. Mamangu alisimama pale hata nikamtafutia pa kukaa akakataa, anaitazama meli ilochongwa ubavuni mwa kaburi, kisha akanambia kwa sauti ndogo, "Malindi walimpa rubani wa kumfikisha India. Bila yule rubani angefika wapi?" Wanangu walikuwa hawajawahi kusikia habari hiyo, ikabidi akae nje kwenye benchi awahadithie 1498 yote, Mombasa ilivyomkataa na Malindi ilivyompokea, na mie nimesoma shule mpaka juu lakini sikuwahi kuielewa vile.

Mchana tukaenda kula, mhudumu akasema "mesa", mama akageuka, "kasema meza?" Basi tukaanza kuhesabu pale pale maneno yetu yalotoka kwao: meza, bendera, parafujo, mvinyo, leso, mpaka gereza, lilotoka kwa igreja, ambayo kwao ni kanisa. Binti yangu aliyaandika yote kwenye kikaratasi, bado kimebandikwa kwenye friji. Wakikuleteeni mikate, zeituni na jibini hamkuagiza jueni mkigusa mnalipa, msipoitaka waambieni wairudishe. Chakula cha halali tafuteni pande za Martim Moniz, na msikiti mkuu uko karibu na stesheni ya metro Praça de Espanha.

Mkiwepo tarehe 25 Aprili ni sikukuu yao ya mapinduzi ya 1974, yale yalofungua njia Msumbiji ikapata uhuru mwaka ulofuata. Barabara kubwa inajaa watu, kwa hivyo siku hiyo mama apumzike Baixa asubuhi.

Kutoka Leicester

Mungu awalipe nyote, kaka Rotterdam nimemsomea mama barua yako kwenye simu akanyamaza muda mrefu. Kaenda kutoa paspoti yake kabatini, kumbe inaisha mwezi wa sita na Schengen wanataka ibakie angalau miezi 3 baada ya kutoka kwao. Kwa hivyo Jumatatu anaanzia kwa paspoti mpya, miadi ya viza naitafuta mara tu ikitoka, na tiketi sinunui mpaka viza iwe mkononi.