Mistari minane imekatwa Tanga ili mdhamini asikasirike. Hii ndiyo hip hop tunayojivunia?

Wakuu, na hasa wagosi wenzangu wa Tanga, nina hasira na sitaificha.

Wiki mbili zilizopita kulikuwa na tamasha viwanja vya Tangamano. Mdhamini alikuwa kampuni ya kubeti. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa Makorora, ana miaka 19 na anaandika mistari tangu yuko darasa la sita. Akapata nafasi kwenye kundi la wasanii chipukizi, nyumba nzima tukafurahi. Siku tatu kabla ya shoo akaitwa ofisini kwa waandaaji, akaambiwa aje na mashairi yake kwenye karatasi. Mtoto wa watu akaenda mbio, akidhani wanataka kujua uzito wa kazi yake. Akayanakili upya kwa mwandiko mzuri, karatasi mbili.

Mwandaaji alisoma verse ya kwanza, akatikisa kichwa, sawa. Alipofika ya pili akachukua kalamu nyekundu. Mistari minane yote, mmoja baada ya mwingine. Sababu? "Dogo, hii inamgusa mdhamini." Mpwa akauliza basi aweke nini pale palipobaki wazi. Akajibiwa arudie kiitikio mara mbili na ataje jina la kampuni, tena kwa kushangilia.

Haikuishia hapo. Akaambiwa alete wimbo kwenye flashi, sauti yake ikiwa imo ndani, kwa sababu hakuna muda wa kupima maiki za chipukizi. Siku ya siku akapanda jukwaani mbele ya watu wa mtaa wake, akasimama dakika nne anafungua na kufunga mdomo. Usiku alirudi kwangu, hakula. Aliniambia neno moja tu: "Mjomba, maiki ilikuwa imezimwa."

Walimpa elfu hamsini.

Sasa kabla hamjaanza kuniandikia kwamba muziki ni biashara, najua. Nina miaka 42. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nilikuwa na kundi letu la watu wanne pale Ngamiani, tunachana mistari ya rap chini ya taa ya barabarani mpaka wazee wanatufukuza. Hatukuwahi kupata senti. Simtakii mpwa wangu umaskini ule na wala siuoni kama utukufu. Wasanii AY na Mwana FA waliposhinda kesi mwaka 2016, Mahakama ya Wilaya ya Ilala ikaamuru kampuni ya simu iwalipe shilingi bilioni 2.18 kwa kutumia nyimbo zao bila ruhusa, mimi nilishangilia kama nimeshinda mwenyewe. Msanii alipwe. Alipwe sana. Kinachonichoma ni kujua nani analipa siku hizi, na analipia kitu gani.

Enzi za kaseti mlipaji alikuwa mimi. Nilitoa hela yangu mfukoni, nikanunua kaseti, nikarudi nayo nyumbani nikasikiliza upande A na upande B mpaka utepe ukaanza kulia. Mchanaji alijua kwamba asiponiambia kitu kinachonihusu, kesho sinunui. Wagosi wa Kaya, kundi la hip hop, walipotoka hapa hapa Tanga wakiuliza "Tanga Kunani", walikuwa wanaongea na sisi tuliobaki tunaangalia viwanda vikifungwa na mkonge ukidorora. Walipowachana wauguzi, nchi nzima ilibishana. Kwenye daladala, msibani, hospitali kwenyewe. Na walichana kwa lafudhi ya kwetu bila kuona haya, vijana wa Dar wakaanza kuitana "mgosi". Professor Jay mwaka 2001 aliwavua nguo wanasiasa wa ahadi hewa kwa "Ndio Mzee", na kaseti zikauzwa. Kwa hiyo msiniambie ujumbe hauuzi. Ujumbe uliuzwa, tukanunua, na hela ikaonekana.

Leo mlipaji ni mdhamini. Mdhamini hanunui mistari. Anachonunua ni umati uliosimama pale Tangamano, ili baadaye aufungulie akaunti za kubetia. Mpwa wangu pale jukwaani hakuwa msanii, alikuwa chambo. Sijui kama mmewahi kukaa na wavuvi wa Sahare au Deep Sea. Mvuvi hamuulizi chambo anataka kusema nini.

Na huu ugonjwa haukuanzia kwetu, umezaliwa na hip hop yenyewe. Tarehe 11 Agosti 1973, pale jengo namba 1520 Sedgwick Avenue, Bronx, DJ Kool Herc alipiga muziki kwenye sherehe iliyoandaliwa na dada yake Cindy, aliyekuwa anatafuta hela ya nguo za shule. Kwa hiyo hata siku ya kwanza kiingilio kilikuwepo, mseme mnavyotaka. Lakini aliyetawala ukumbi alikuwa DJ. Yeye ndiye aliyekuwa anazirudisha zile sehemu za ngoma tupu kwenye santuri ili watu wacheze zaidi, na MC alikuwa msaidizi wake wa kuchangamsha. Santuri ya hip hop haikuwepo. Miaka sita ilipita watu wanafanya hii kitu kwenye kumbi na viwanja, mwenye kuijua ni aliyekuwepo.

Halafu 1979 ikaja "Rapper's Delight" ya Sugarhill Gang, wimbo wa kwanza wa rap uliotikisa soko. Mnajua mistari ya Big Bank Hank, mmoja wa kundi hilo, ilitoka wapi? Kwa Grandmaster Caz, mchanaji wa kweli wa Bronx. Jina la Caz halikuwekwa kwenye santuri kama mtunzi. Na walikopi bila hata kusafisha, maana humo ndani Hank anajitambulisha kwa jina la Casanova, herufi kwa herufi, wakati hilo ni jina la Caz! Basi fikiria uko mtaani kwako, redio inalia, mtu mwingine anataja jina lako kwa sauti yake na nchi nzima inacheza. Nikifikiria hilo napata picha ya mpwa wangu na ile maiki.

DJ naye akaanza kusahaulika hapo hapo, kwa sababu bendi ya studio ilitosha kupiga biti, na kampuni za muziki zilihitaji sauti na sura za kuweka kwenye jalada. Nenda shoo yoyote leo hapa Tanga mwone DJ anafanya nini. Anabonyeza kitufe.

Mambo mengine nayataja haraka. Desemba 1991 mahakama ya New York ilimbana mchanaji Biz Markie kwa kuchukua kipande cha wimbo wa mtu bila kibali, na tangu hapo kujenga biti kwa vipande vingi vya santuri za zamani, kama walivyokuwa wanafanya kundi la Public Enemy, kukawa kazi ya wenye hela za mawakili. Mwaka 1996 Marekani ikalegeza sheria ya umiliki wa redio, na kampuni ya Clear Channel iliyokuwa na stesheni kama 40 ikavuka 1,200 ndani ya miaka michache. Orodha ya nyimbo inapangwa mbali, mji mzima unaletewa kama mkate wa kiwandani.

Si ndiyo yaliyotukuta? Redio binafsi zilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1990 ziliibeba hip hop mgongoni, hilo nalikiri kwa moyo mweupe, maana kabla yake tulikuwa na Redio Tanzania peke yake na vijana wa kuchana hawakuwa na mlango. Lakini wale wale waliofungua mlango wakaanza kukaa mlangoni. Mwaka jana nilimpeleka mpwa kwenye redio moja na wimbo wake. Mtangazaji alisikiliza kiitikio tu, akasema kijana ana kipaji ila "hip hop hailipi, mwambie abane pua kidogo", yaani aache kuchana aimbe. Kisha akatuomba hela ya soda. Nikamuuliza soda ya shilingi ngapi. Akataja laki mbili.

Na kwenye mitandao ya kusikilizia muziki hali ni hiyo hiyo kwa sura nyingine. Spotify wanahesabu wimbo umesikilizwa ukifika sekunde 30. Kwa hiyo prodyuza anakwambia weka kiitikio mwanzoni, fupisha verse, hadithi usianze, nani atakungoja? Sasa mistari kumi na sita ya verse kamili itakaa wapi? Mtu ana kisa cha kusimulia, kinataka kutambaa taratibu mpaka kifike, unamwambia una nusu dakika. Ndiyo maana nyimbo nyingi mpya zinaanza kabla hazijaanza na zinaisha hazijasema.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba haya yanatokea Tanga. Sisi si watu wa kufundishwa thamani ya neno. Kaburi la Shaaban Robert liko Machui, hapo hapo mtu anafika kwa baiskeli. Black Star na Lucky Star walijibizana kwa taarabu, fumbo kwa fumbo, bibi zetu wakitunza kanga zenye majibu. Bibi yangu hakujua kusoma, lakini mjukuu akitunga beti lenye kina kibovu alikuwa anasema "hilo guni" na anageukia ukutani. Hip hop ilipofika huku ilikuta watu wenye masikio. Hatukuichukua kwa ajili ya suruali pana na minyororo. Tuliichukua kwa sababu ilikuwa malumbano, kitu tunachokijua. Ukishindwa kwenye duara unarudi nyumbani, unakesha na daftari, kesho unarudi na jibu.

Bifu la siku hizi linatengenezwa na meneja wiki moja kabla wimbo haujatoka. Wanatukanana Jumatatu, Ijumaa wanakula meza moja. Wanaita kiki. Hakuna aliyeumia, hakuna aliyeandika mstari bora kuliko wa mwenzake, na sisi mashabiki tumejaa kwenye maoni tunagawanyika timu hii na timu ile bure kabisa. Na waliobaki wanaoandika, kina Nikki Mbishi na wenzake wa Tamaduni Muzik, kina Fid Q, kina Roma aliyetoka hapa hapa kwetu, mnawataja kila mkitaka kuonekana mnajua muziki. Ni wangapi kati yenu mmewahi kununua kazi zao kwa hela? Tulianza kuchoma CD za bure sisi wenyewe, mimi nikiwemo. Tulipoacha kulipa, kiti cha mlipaji kikabaki wazi na mwenye bango akakikalia.

Najua kuna mtu atauliza kwa nini mpwa hakukataa. Ana miaka 19. Mama yake anachoma mihogo. Elfu hamsini kwa nyumba ile ni siku nyingi za unga. Anayepaswa kuulizwa ni mtu mzima mwenye kalamu nyekundu, ambaye nina uhakika ana umri kama wangu, na huenda naye aliwahi kusimama chini ya taa ile ile ya Ngamiani. Nakuuliza kaka yangu, maana najua huwa unapita humu: mstari gani kati ya hii ulikuwa uongo? Nionyeshe mmoja tu. Kama ni uongo nitamwambia kijana aufute mwenyewe.

Mpwa ameniruhusu niiweke. Hii ndiyo mistari minane ambayo Tanga haikuruhusiwa kuisikia (mkeka unaochanika ni tiketi ya kubetia):

Juzi kauza baiskeli, jana kauza redio,
Mkeka ukachanika usiku, nikamuuliza "utaacha?" akasema "ndio".
Mama anachoma mihogo Mabawa, moshi umemla macho,
Kafunga kidogo pembe ya kanga, baba kafungua katoka nacho.
Mdogo wangu karudishwa shule, daftari halina kurasa,
Baba ana kurasa nne za mechi, anazikariri mpaka sasa.
Mnatuita mabingwa kwenye bango, picha ya kijana anacheka,
Njooni Barabara ya Ishirini mwone bingwa analala juu ya mkeka.