Kusachiwa kwenye basi la usiku: mbona "bahati nasibu" inaniangukia mimi tu?

Msafiri_Kofia:
Assalam aleikum na habari zenu wadau. Nina swali na naomba mnijibu bila matusi. Juzi natoka Nairobi kwenda Mombasa na basi la usiku, tukafika kizuizi kimoja huko njiani, askari akapanda na tochi, akatembea mpaka siti za nyuma akarudi, halafu akasema anataka watu wachache tu wateremke na mizigo yao, ati ni ukaguzi wa kawaida wa bahati nasibu. Basi limejaa pomoni, walioteremshwa ni mimi na kanzu yangu na kofia, na kina dada wawili wamevaa buibui. Basi. Begi nilifungua bila neno, nguo zikatolewa zote zikalala vumbini, hilo nimelimeza. Kilichonikera ni mmoja kuniambia nifungue simu aone WhatsApp yangu, na nikaifungua kwa sababu dereva ashaanza kupiga honi na abiria wananiangalia dirishani kama mwizi wa kuku.

Sipingi usalama, mimi pia nataka nifike kwetu mzima. Swali langu ni hii kusachi ya kuchagua-chagua sheria inasemaje, na je ningekataa ingekuwaje?

KondaMstaafu:
Pole kijana. Mimi nimekula vumbi la barabara miaka mingi kwa hivyo nikwambie ilivyoanza, maana nyinyi vijana mnadhani polisi waliamka tu siku moja wakaamua kuwasumbua. Desemba 2010 mzigo ulilipuka pale River Road watu wakipanda basi la Kampala. Machi 2012 magruneti yakarushwa stendi ya Machakos. Mei 2014 Mombasa pale Mwembe Tayari, na kesho yake jioni mabasi mawili Thika Road. Baada ya hapo kila stage ikawa na jamaa mlangoni ameshika kile kidude cha kupiga pii, na ukweli usemwe, kinapiga pii kwa kila mtu, mshipi pii, funguo pii, sarafu pii, na hakuna anayesimama kuuliza, unapita tu. Wakati mwingine hata betri haina. Lakini siku hayupo abiria wenyewe wanalalamika, mbona hatusachiwi leo? Kwa hivyo wapo wanaotaka kusachiwa hata kama ni sinema.

Wakili_Mtarajiwa:
Msafiri, niko mwaka wa mwisho wa sheria, chukua hii kama mawazo ya ndugu si ya wakili. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinasema una haki ya faragha na cha kwanza kabisa kinachotajwa pale ni kutopekuliwa wewe mwenyewe, nyumba yako au mali yako. Si haki isiyoguswa, kifungu cha 24 kinaruhusu ipunguzwe, ila ipunguzwe kwa sheria na kwa kiasi kinachofaa. Polisi wanaweza kuweka kizuizi na kusimamisha gari, hapo usibishane nao. Kukusachi wewe binafsi bila kibali ndipo sheria ya mwenendo wa kesi za jinai inapotaka pawe na sababu ya kushuku, na "nimekuona una kofia" si sababu. Tena soma kifungu cha 27, pale panapotajwa ubaguzi usioruhusiwa, kabila ipo, dini ipo, na mavazi yametajwa kwa jina. Wengi hawajui hiyo ya mavazi.

Simu ni habari nyingine kabisa. Simu si begi. Sheria ya makosa ya mitandao ya 2018 inataka afisa aende mahakamani apate kibali kabla ya kupekua data iliyohifadhiwa. Pale ungesema kwa upole "afande begi hili hapa, simu naomba kibali". Na wale kina dada, palikuwa na askari mwanamke? Maana mwanamke husachiwa na mwanamke mwenzake na kwa staha, hilo liko kwa sheria tangu zamani.

Kaa_Chonjo:
Haya makaratasi yenu ya vifungu yatawaua. Saa nane za usiku porini huko umwambie askari mwenye bunduki "naomba kibali", jaribu tu uone utalala wapi. Na kama huna kitu unaficha nini?

Baridi_ya_Bronx:
@Kaa_Chonjo hiyo ya "unaficha nini" ndiyo nimeisikia hata huku. Niko New York na nitawaambia wanavyofanya, si kwa sababu ni malaika, sio, ila kuna kitu cha kuangalia.

Julai 2005 baada ya treni na basi moja la London kulipuliwa na watu 52 kufa, polisi wa huku wakaanza kuweka meza kwenye stesheni za subway, yaani treni za chini ya ardhi, wanasachi mabegi. Watetezi wa haki wakaenda kortini mwaka huohuo, na Agosti 2006 korti ya rufaa ikasema ukaguzi unakubalika hata bila kushuku mtu. Sasa sikiliza kwa nini. Msimamizi anaamua mapema, mfano kila mtu wa kumi, askari pale mezani hana ruhusa ya kuchagua sura. Kuna bango na mtu anatangaza kabla hujafika. Wanaangalia tu begi linaloweza kubeba bomu, hawasomi barua zako. Na la muhimu, unaweza kusema sitaki, ukageuka ukatoka nje, usipande treni, na kukataa peke yake si kosa.

Lakini msidhani imekwisha vizuri. Machi 2024 gavana akaleta wanajeshi 750 kwenye subway, mabegi yakaguliwe, na safari hii habari haikuwa bomu tena, ilikuwa wizi na visu. Mlango ukishafunguliwa kwa jambo moja linaingia na lingine.

Kaa_Chonjo:
Sasa gaidi si atasema sitaki aende stesheni inayofuata? Ujinga mtupu.

Baridi_ya_Bronx:
Swali hilohilo liliulizwa kortini mkuu. Jibu lao lilikuwa kwamba mpangaji anachukia asichoweza kukikadiria, kwa hivyo meza isiyojulikana itakuwa wapi inamharibia. Mimi binafsi nakubali nusu. Ila linganisha na Uingereza, walikuwa na sheria ya kumsimamisha yeyote bila sababu, askari anachagua mwenyewe, mwaka 2009/10 walisimamisha zaidi ya laki moja na hakuna hata mmoja aliyekamatwa kwa ugaidi. Januari 2010 korti ya Ulaya ikawaambia hiyo imevunja haki ya faragha.

BintiTana:
Mimi ni wa Garissa, hebu niwaulize hiyo bahati nasibu mnayoongelea inafananaje kwa sababu sisi hatujawahi kuiona. Ukielekea Nairobi unateremshwa, kitambulisho mkononi, foleni, na mwenye sura ya kisomali anaulizwa maswali ambayo mwalimu kutoka Machakos waliyekaa siti moja haulizwi. Mama yangu mzee kabisa anaulizwa anaenda kumuona nani. Na msinielewe vibaya, hakuna anayetaka barabara salama kuliko sisi, Novemba 2014 basi la kutoka Mandera lilisimamishwa watu 28 wakauawa, mabasi ya huko yakaanza kusindikizwa na askari. Desemba 2015 karibu na El Wak washambuliaji wakawaambia Waislamu wajitenge na Wakristo na abiria wakakataa kujitenga. Sasa abiria waliokataa kugawanywa na magaidi wanakuja kugawanywa na tochi ya askari kizuizini.

KondaMstaafu:
Hapo Binti umenifunga mdomo.

Pwani_Raha:
Mbona hakuna anayelia na ya SGR, ile treni ya Nairobi–Mombasa? Mnapanga mabegi chini mstari mmoja, mnasimama kando, mbwa anapita ananusa, halafu skena. Waziri na muuza mahamri, mstari ni ule mmoja. Hakuna anayejiona ameonewa. Ingawa sisi tunaoswali tuna shida yetu na yule mbwa, siku akiramba begi lenye nguo za kuswalia unaanza hesabu ya kuosha papo hapo 😂 Lakini kweli, wakiteremsha basi zima mimi nateremka bila neno, hata kukinyesha.

Msafiri_Kofia:
Shukran nyote. @Wakili hapana, hapakuwa na askari mwanamke, wale dada walifunguliwa mikoba tu, hawakuguswa. Sasa nikitaka kulalamika naanzia wapi? Namba ya askari sikuishika, kulikuwa giza na yeye ndiye mwenye tochi.

Wakili_Mtarajiwa:
IPOA, ile mamlaka huru ya kusimamia polisi, wanapokea malalamiko kuhusu polisi, ni bure. Andika tarehe, saa, namba ya basi, kizuizi kiko karibu na mji gani, na kama una namba ya mmoja wa wale dada aandike naye, malalamiko mawili ya tukio moja yana uzito. Tiketi usiitupe. Zamu ya usiku huo inajulikana ni ya nani hata kama jina huna.

KondaMstaafu:
Na ongea na konda wa lile basi pia, huwa tunajua ni kina nani wako kizuizi gani. Kama atakubali kusema ni shauri lake, maana kesho atapita palepale.