Ushauri: naishi kwa matangazo, nataka kuingia kwenye vifaa. Nitapata faida?

Migebuka77: Wakuu, nina ukurasa wa habari za mji hapa Kigoma, mapato yote ni matangazo. Nataka kufunga skrini za inchi 10 kwenye daladala za Ujiji na Mwanga. Skrini ni 180,000, namuuzia mwenye gari kwa 120,000, hasara irudi kwa matangazo. Mbona Google na Meta wanatengeneza vifaa? Usingizi sipati.

BiHesabu: Mfano wako ndio unaokusuta. Meta, wenye Facebook, ilinunua Oculus, watengenezaji wa miwani ya uhalisia pepe, 2014 kwa takriban dola bilioni 2, na mwaka 2024 pekee kitengo chake cha vifaa hivyo, Reality Labs, kilipata hasara ya bilioni 17.7. Kinabebwa na matangazo yaliyoingiza zaidi ya bilioni 160 mwaka huohuo. Google ilinunua kampuni ya simu ya Motorola Mobility 2012 kwa bilioni 12.5, mwaka 2014 ikakubali kuiuzia Lenovo kwa bilioni 2.91, hataza (haki za uvumbuzi) nyingi ikabaki nazo. Wewe atakubeba nani? Skrini ngapi, na unaingiza ngapi?

Migebuka77: 40. Laki tisa kwa mwezi.

BabuMichikichi: Kijana, panda michikichi. Haihitaji bando.

BiHesabu: 22,500 kwa kila skrini. Toa bando 5,000 na fungu la mwenye gari 10,000, inabaki 7,500. Ile hasara ya 60,000 kwa kila skrini inarudi baada ya miezi 8, kama hakuna iliyoungua wala kuibwa. Hiyo 180,000 ni bei ya kufika Kigoma?

Migebuka77: Ya kiwandani.

BiHesabu: Basi ongeza ushuru, VAT 18%, usafiri, na idhini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa kifaa chenye laini. Miezi 8 ishakufa.

FundiGungu: Hesabu mmalizane. Hiace ni 12V, Coaster nyingi 24V. Skrini ya 12V tupu ukiifunga kwenye Coaster inaungua palepale. Weka kishusha volti cha kutoka 24V hadi 12V, na fyuzi karibu na betri. Matangazo yapakuliwe usiku kwa Wi-Fi, bando litapungua.

BiHesabu: Mleta mada, umeshalipa?

Migebuka77: Amana ya 30%, 2,160,000. Walinipa wenye maduka, wamelipia matangazo ya miezi 6 mbele. Lakini siwezi kurudi nyuma, nembo yangu imeshaidhinishwa kiwandani.

BiHesabu: Kumbe! Laki tisa mara miezi 6 ni 5,400,000, na hiyo si mapato, ni deni la matangazo. Miezi 6 hakuna shilingi mpya, na 70% iliyobaki bado inadaiwa. Omba agizo lipungue hadi skrini 10: ni 1,800,000, amana inatosha. Ile 360,000 inayobaki haitafika kwenye ushuru na usafiri, jazia. Nembo ni stika tu, bandika mwenyewe.

Kibirizi_Hapahapa: Chai hii. Kila jibu mpaka abanwe, halafu nembo tayari! Huyu muuza skrini anajitangazia bure. Kama ni kweli, nyuma zina waya za rangi gani?

Migebuka77: Sampuli ninayo mkononi. Nyeusi, njano, nyekundu.

BabuMichikichi: Hata muuzaji anajua rangi.

FundiGungu: Anajua, ila kwenye picha za mauzo huwa hazionekani. Njano kwa kawaida ni umeme wa kudumu, nyekundu ni ya swichi. Pima kwa mita, ukizigeuza skrini italala inawaka na asubuhi gari linasukumwa.

Migebuka77: Namwandikia muuzaji sasa hivi. 10 au 15?

BiHesabu: 10.