Nina pikipiki ya DR650, naenda Kigoma kwa kupitia Katavi: nianze kubadilisha nini?

mjukuu_wa_Ujiji

Habari zenu wakuu. Mwishoni mwa mwaka jana nilinunua Suzuki DR650 kwa mtu aliyekuwa anafanya kazi hapa Dar, mkataba wake ukaisha akaondoka, kadi iko kwa jina langu kila kitu safi. Iko kama ilivyotoka kiwandani, haijaongezwa kitu. Mwezi wa 9 Mungu akijalia nataka niende nayo Kigoma, na wakati wa kwenda nataka nipite Mbeya, Tunduma, Sumbawanga, nikatize Katavi mpaka Mpanda halafu Uvinza, kurudi ndo nije na Tabora na Dodoma. Babu yangu mzaa mama kazikwa Ujiji na sijawahi kufika kwenye kaburi lake, kwa hiyo hii safari kwangu sio ya matembezi tu.

Sasa fundi mmoja kanipigia hesabu ya maboksi mawili ya chuma ya pembeni na moja la nyuma, bampa la bomba la kuzunguka injini, taa nne za LED, keria ya madumu mawili na kunyanyua usukani. Kwenye picha inapendeza sana lakini hela yote niliyotenga inaishia hapo hapo na tairi bado ni zile zile za zamani. Mimi nina kilo 84 na nitakuwa peke yangu. Waliowahi kwenda mbali na pikipiki kubwa naombeni ushauri, kipi kianze na kipi niachane nacho?

Kitonga_taratibu

Mkuu hongera kwa chuma, ila hiyo hela usiitoe kwanza. Nakwambia kwa yaliyonikuta mimi mwenyewe na DR kama hiyo hiyo.

Mwaka 2019 nilitengenezesha maboksi ya bati la milimita 2, yalikuwa mazuri na yana kufuli, kila aliyeyaona aliyasifia. Siku nimeyapima kwenye mzani wa duka la mahindi, matupu kabisa, kila moja kilo 11, na keria yake ya bomba kilo 9, yaani kilo 31 kabla sijaweka hata soksi. Pikipiki yenyewe ikiwa na mafuta ni kama kilo 166. Na uzito wenyewe wote umekaa nyuma ya ekseli, kwa hiyo mbele panakuwa pepesi, ukiingia mchangani usukani unacheza wenyewe kama hauko mikononi mwako.

Nilipoacha Mpanda kuelekea Uvinza nikaingia kile kipande cha vumbi chenye mawimbi mawimbi, nikasikia "tak" chini ya siti, sikujali. Kama kilometa 6 mbele siti ikaanza kulalia kushoto. Nashuka naangalia, ile bolti ya juu inayoshika fremu ya nyuma na fremu kubwa imekatika, kichwa kimeondoka mwili umebaki ndani, na bomba la upande wa pili limeanza kufunguka ufa kwenye maungio. Nikafunga na mipira ya kufungia mizigo, maboksi nikayapakia kwenye Fuso iliyokuwa inapita, mimi nikaenda mwendo wa mtu na baiskeli mpaka kijiji chenye fundi wa kuchomelea. Siku nzima ikaishia pale.

Na kitu kingine ambacho watu hawasemi: kwenye mchanga utashusha mguu tu, hata uwe mzoefu vipi, sasa boksi la chuma linakuja kwa nyuma linakukandamiza kigimbi cha mguu. Mimi nilipona na michubuko ila kuna mtu namjua alivunjika.

Kwa hiyo ushauri wangu, nenda kwa mafundi wanaoshona maturubai ya malori, mchoree mifuko miwili inayoning'inia huku na huku, mikanda mipana ipite juu ya siti, mdomo wa kukunja ili maji yasiingie. Haitafika hata robo ya bei ya maboksi na miwili haizidi kilo 4. Upande wa kulia kuna ekzosi, weka kipande cha bati kwa nafasi ya vidole viwili ili mfuko usiungue. Halafu zile bolti mbili za juu za fremu ya nyuma zitoe, weka mpya ngumu zilizogongwa 10.9 kichwani, usiweke bolti laini za dukani. Hiyo ndo modification ya kwanza kabisa.

fundi_wa_cheni

Nakubaliana na mkuu hapo juu, naongezea ya injini maana huko ndo kazi zangu.

DR650 ni injini nzuri sana, haina rejeta, inapozwa na hewa na oili, valvu unarekebisha mwenyewe kwa spana na fila (vibati vya kupimia nafasi ya valvu), ila ina ugonjwa mmoja unajulikana dunia nzima. Nyuma ya basketi ya klachi, lile bakuli linaloshika sahani za klachi, kuna kiswichi cha nyutro kimeshikwa na skrubu mbili ndogo. Zile skrubu zinalegea taratibu kwa mtikisiko, ikidondoka moja inaweza kuingia kwenye gia na hapo safari imeisha. Kuzifikia lazima ufungue kava la klachi na utoe basketi, kwa hiyo tafuta gasketi kabla hujafungua. Zisafishe mafuta kabisa, paka gundi ya nyuzi kama Loctite, na mimi huwa natoboa vichwa napitisha waya mwembamba nazifunga pamoja zisiweze kuzunguka. Kazi ya nusu siku na karibu haina gharama.

Cheni: usiikaze sana. Watu wanaikaza pikipiki ikiwa tupu, wakipakia mzigo inavutika kama waya wa gitaa, inakula beringi na siku ikikatika inajikunja mbele inapasua kesi ya injini pale kwenye sproketi ndogo. Pakia mzigo, mtu akae juu, ndo upime ulegevu.

Shokapu za mbele za hii pikipiki ni laini kwa kilo 84 na mzigo. Kama huna hela ya springi mpya, fungua juu utakuta kipande cha bomba kinachokaa juu ya springi, badala yake kata bomba gumu la PVC refu kidogo kuliko lile la zamani, kama sentimita 1 na nusu hivi, kata sawasawa na weka washa juu na chini. Haiwi ngumu kama springi mpya ila haitazama ukishika breki. Ya nyuma ikaze kwa ile ringi ya juu.

Taa nne achana nazo, umeme unaozalishwa na injini ile ni kama wati 200 tu na taa kubwa, plagi na betri vyote vinakula hapo hapo. Weka mbili ndogo kwa relei na fyuzi yake, na usiku usitembee. Ila bampa usiliache lote, ile sahani ya chini ya kukinga injini ni muhimu, tengeneza ya aluminiamu. Na ukichomelea chochote kwenye fremu, chomoa betri na CDI (kile kiboksi cha umeme wa plagi) kwanza, nimeona CDI nyingi zimekufa kwa uzembe huo.

Bi_Mkubwa_XT

Kaka karibu sana barabarani, na hiyo sababu ya safari yako imenigusa.

Mimi nina neno kwenye mafuta na tairi. Tangi la kiwandani ni lita 13, kwa mzigo na vumbi pigia kilometa 20 kwa lita, kwa hiyo 260 na hapo umekauka kabisa. Sumbawanga mpaka Mpanda ni zaidi ya 200, na Mpanda Uvinza nayo karibu 200. Huhitaji madumu mawili ya lita 10, kidumu kimoja cha lita 5 kinatosha ukiwa na adabu ya kujaza kila unapoona sheli. Ukinunua ya kwenye chupa kijijini chuja kwa kitambaa, na weka filta ndogo kwenye mpira wa kabureta.

Tairi hapo usibane hela. Nunua za njia mbili, za lami na vumbi, mbele inchi 21 nyuma 17, beba tyubu mpya ya mbele na ya nyuma, ila ukikosa nafasi kabisa beba ya 21 peke yake, ikibidi inaingia nyuma ikakufikisha. Lakini kubeba sio kujua. Jumamosi moja kaa nyumbani toa tairi ya nyuma mwenyewe na vyuma vyako vya safari, bila kumuita kijana wa pancha, uirudishe uone. Mara ya kwanza nilitumia saa mbili na tyubu nikaitoboa kwa chuma, afadhali ilikuwa uani kwangu. Mchangani mimi huwa nashusha upepo mpaka PSI 20, nikirudi lami naujaza.

Sponji ya filta ya hewa beba ya pili ikiwa imeshapakwa oili kwenye mfuko wa nailoni, jioni unabadilisha tu. Na Katavi vaa jaketi la rangi ya udongo, sio jeusi wala bluu, wale mbung'o wanazifuata hizo rangi na wanakimbiza kitu kinachotembea, wanauma mpaka juu ya glovu.

mjukuu_wa_Ujiji

Wakuu nawashukuru kutoka moyoni. Maboksi nimeyafuta. Kwa fundi turubai nimeshapeleka vipimo, kasema wiki ijayo.

Leo tumefungua kava la klachi kwa maelekezo ya fundi_wa_cheni. Skrubu ya chini ilikuwa bado imekaza, ya juu nimeizungusha kwa vidole viwili ikatoka bila hata bisibisi. Nimekaa nayo mkononi muda mrefu naiangalia, ni ndogo kama punje ya mahindi. Nimeiweka kwenye kiberiti, ntaenda nayo Kigoma. Mpya zimefungwa kwa waya, kesho ni zamu ya zile bolti za fremu.

Kitonga_taratibu

Safi sana. Ukifika Mbeya kaa siku moja ukaze spoku, za nyuma hasa, zinalegea kwenye kilometa 800 za mwanzo na mzigo. Na tutumie picha ukiwa Ujiji.