DALALI AMESEMA "MARA YA TATU" HALAFU AKAMPA MHESHIMIWA MICHE YANGU!!!

Mkulima_Vihiga: Wakuu, natetemeka nikiandika. Nimetoka mnada wa mavuno wa kanisa sasa hivi, hata viatu sijavua. Yule dalali mnamjua. Yule yule, wa sauti inayosikika mpaka Uganda.

Nilifika kabla watu hawajatoka ibadani, nikakagua mali. Ndizi nikaachana nazo. Miche kumi ya parachichi aina ya Hass nikaishika mmoja mmoja: pale ilipopandikizwa pameshikana vizuri tena pako juu ya udongo, mizizi haijajiviringisha ndani ya karatasi, majani safi. Nikaweka kikomo changu, 2,500, nikasimama mbele kabisa dalali anione.

Ikaanza 1,000. Nikapanda. Mama mmoja akafika 1,800, mimi 2,000. Kimya. Dalali: mara ya kwanza! Mara ya pili! MARA YA TATU! Makofi yakapigwa. Natoa simu nilipe, gari likaingia, mheshimiwa akashusha kioo: "Elfu tano." Hata hakuuliza kinachouzwa ni nini! Na huyo dalali, kwa kipaza sauti, mbele ya mama mkwe wangu: "Kijana, keti, wenye pesa wamefika."

KETI! Baada ya mara ya tatu! Mara ya tatu ikishatamkwa mali ina mwenyewe, hata aje rais. Kijiji kizima kilicheka, kuku wa mnada walicheka. Keti!

Nyar_Ahero: Huyo namjua! Kwetu alinadi jogoo mmoja mara mbili. Aliyelipa kwanza bado anamngoja jogoo wake.

BabaMapacha: Kwa hiyo uliketi au hukuketi?

Mkulima_Vihiga: Sikuketi! Nilimwambia umesema mara ya tatu. Akajifanya kipaza sauti kimeharibika.

Mzee_wa_Kanisa: Kijana, ule mnada ni wa sadaka. Huko papai moja hununuliwa 3,000 na watu wanashangilia. Ukitaka bei ya miche nenda kitaluni.

Mkulima_Vihiga: Mzee wangu, shikamoo. Sadaka sikatai. Mheshimiwa angepandisha bei kabla ya mara ya tatu ningenyamaza. Dalali alisema mara ya tatu, nyote mlisikia!

Maua_Naivasha: Ndiyo maana napenda mnada wa maua kule Aalsmeer, Uholanzi, ambako waridi zetu huuzwa. Bei huanza juu na kushuka kwenye saa, wa kwanza kubonyeza amechukua. Hakuna mara ya tatu, hakuna mheshimiwa.

BabaMapacha: Huyu na saa yake. Sisi hapa hata stima hatuna tangu jana.

Viazi_Molo: Nyinyi mnalilia miche kumi? Njooni muone wakulima wa viazi. Kanuni za 2019 zinasema gunia lisizidi kilo 50. Mnunuzi anakuja na gunia lake, analijaza, analishonea neti juu, anakulipa kama gunia moja. Ukiuliza, anawasha lori anaenda kwa jirani.

Nyar_Ahero: Afadhali wewe unaliona hilo gunia. Soko la Kibuye, Kisumu, siku ya Jumapili nimepimiwa maharagwe kwa gorogoro, lile kopo la kupimia nafaka, iliyobonyezwa chini mpaka imekuwa sahani.

Mkulima_Vihiga: Jamani, turudi kwa dalali. Alisema KETI.

Viazi_Molo: Nyar Ahero, hiyo ya kubonyezwa ni ndogo. Nakuru kuna mmoja ameweka karatasi ndani, chini kabisa.

Mzee_wa_Kanisa: Hiyo ya karatasi nimekutana nayo Luanda, hapa hapa Vihiga! Mahindi. Mama watoto alinigombeza mimi badala ya muuzaji.

Nyar_Ahero: Mzee, ni yule anayekaa karibu na stendi ya matatu? Mwenye mwavuli wa kijani?

Mzee_wa_Kanisa: Huyo huyo!

BabaMapacha: Fungueni uzi wake, huyo nina yake pia.